Wananchi wapande miti, Serikali ichukue kiingilio?

Na Mwandishi Wetu, Rayners Lane, London

Mwishoni mwa Agosti 2025, Shirika la Misitu la Kenya, KFS, lilitangaza kwamba malipo yote ya wageni wanaoingia msitu wa Karura, Nairobi, yatapitia mtandao wa Serikali wa eCitizen na kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika hilo. Kwa mtu aliye mbali tangazo hilo lilionekana kuwa jambo la mahesabu tu, la kubadilisha namba ya kulipia. Lakini mjini Nairobi lilizua tafrani. Wakimbiaji, waendesha baiskeli, wazee wanaotembeza mbwa na kina mama waliozoea kupeleka watoto mtoni siku ya Jumapili walipiga kelele kana kwamba msitu wenyewe umeuzwa. Marafiki wa Msitu wa Karura, jumuiya ya wananchi iliyokuwa ikiusimamia msitu huo kwa ubia na Serikali tangu miaka ya mwanzo ya 2010, ilikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mwezi Septemba mahakama ikatoa amri ya muda ya kusimamisha mabadiliko hayo.

Nataka tuliangalie jambo hili kwa utulivu, kwa sababu halihusu Kenya peke yake. Linatuhusu Unguja na Pemba, linawahusu Waganda wa Mabira, na si ajabu likawahusu hata hawa Waingereza tunaoishi nao. Suala lenyewe ni hili: wananchi wanapojitolea jasho lao kurudisha msitu wa asili, wakachimba njia za watu kupita, za miguu na za baiskeli, na mahali palipokuwa pori la kutupia maiti pakageuka bustani ya mji, je, mali hiyo mpya ni ya nani? Na nani wa kushika kisanduku cha fedha pale langoni?

Tuanze na Karura yenyewe, maana wako vijana waliozaliwa juzi wanaodhani msitu ule ulikuwapo hivyo hivyo siku zote.

Karura una ukubwa wa hekta 1,041 na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Wakoloni hawakuuhifadhi kwa mapenzi ya ndege. Sehemu kubwa waliifyeka wakapanda mikaratusi, kwa kuwa reli ya Uganda ilikuwa ikila kuni kama moto wa nyikani, na mkaratusi hukua upesi. Baadaye ikaja misaipresi kwa ajili ya mbao. Kwa hiyo msitu ambao watu wa Nairobi walirithi wakati wa uhuru ulikuwa nusu msitu na nusu shamba la miti ya kigeni. Ndani yake bado ilijibanza miti ya asili, ukiwamo muhugu, mti mgumu ambao wachongaji wa Mombasa na Ukambani wameutumia miaka na miaka kwa vinyago vya kuwauzia watalii.

Katika miaka ya 1990 ukaja unyakuzi. Viwanja vya Karura viligawiwa makampuni ya watu binafsi kimya kimya, na mwaka 1998 Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani wakagundua kwamba ujenzi umekwisha anza. Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 8 Januari 1999 mama huyo alikwenda kupanda mti langoni, akifuatana na wabunge, waandishi wa habari na wanaharakati. Kundi la wanaume wenye silaha za jadi likawavamia, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi aliitia saini taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 na akafariki Septemba 2011.

Vigogo waliogawiwa viwanja hivyo, nasema vigogo wa siasa si vigogo vya miti, hawakutajwa wote mahakamani, na sidhani kama watatajwa.

Sasa hapa ndipo pana somo ambalo wengi hulipita. Kuuokoa msitu usinyakuliwe ni jambo moja, na kuufanya uishi ni jambo jingine. Kwa miaka kumi baada ya vurumai zile, Karura ulikuwa umeokolewa kwenye karatasi tu. Mtu mwenye akili timamu hakuingia peke yake. Majambazi walijificha humo, maiti zilitupwa humo, wakata kuni walikata usiku na mchana. Kilichobadilisha hali ni sheria na watu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu wananchi wanaoishi karibu na msitu kuunda jumuiya na kutia saini mkataba wa kuusimamia pamoja na Serikali, na sheria iliyofuata ya mwaka 2016 ikaendeleza utaratibu huo. Marafiki wa Karura wakaitumia nafasi hiyo. Wakachangisha fedha, wakajenga uzio wa umeme, wakaajiri askari wa msitu, na wakawachukua vijana na kina mama wa kitongoji maskini cha Huruma, kilicho pembezoni mwa msitu, kuwa wafanyakazi na watunza vitalu. Wale wale waliokuwa wakiingia kukata kuni wakawa ndio wanaotia mbegu kwenye vifuko vya udongo.

Halafu wakafungua njia. Leo kuna zaidi ya kilomita 50 za njia na vijia ndani ya Karura, na baadhi zimetengwa kwa baiskeli. Unaweza kuja na baiskeli yako au kukodi pale pale. Kwa miaka mingi mkazi alilipa shilingi 100 za Kenya kuingia, bei ambayo hata mwalimu wa shule ya msingi aliimudu akiwa na watoto wake. Na fedha hizo hazikwenda mbali. Zililipa mishahara ya askari, zikanunua miche, zikatengeneza uzio ulipokatwa.

Wapo waliobeza hapo mwanzo. Walisema baiskeli za milimani ni mchezo wa Wazungu na mabwanyenye wa Muthaiga, hauna uhusiano na mazingira. Baiskeli kwetu ni ya kazi: ya kubebea maziwa, mkungu wa ndizi, gunia la mkaa, na abiria nyuma kwenye kibao. Nakubali kwamba mchezo huu una sura ya kitabaka, na mtu akitaja bei ya baiskeli moja ya kisasa ya milimani hapa London mtu wa Makunduchi atadhani inazungumzwa bei ya gari. Lakini hoja ya usalama haina mjadala. Msitu wenye watu mia wanaopita asubuhi una macho mia mawili. Mkata miti haramu hawezi kufanya kazi mbele ya kundi la wapanda baiskeli, na jambazi naye anahama. Askari wa msitu mwenye redio ya mkononi ni mmoja. Hawa wengine hawalipwi, tena wao ndio wanaolipa.

Lipo jambo la ufundi pia ambalo inafaa tulieleze, kwa kuwa wasomaji wengi wanadhani kuchimba njia msituni ni kuchukua panga na kufyeka.

Adui mkubwa wa njia ni maji. Ukiishusha njia moja kwa moja kutoka juu ya kilima hadi bondeni, mvua ya kwanza itaigeuza kuwa mfereji, ya pili itaifanya korongo, na udongo wote utaishia mtoni. Kwa hiyo wachimbaji wanaojua kazi huikata njia kwa kuuzunguka mlima kama mtu anayejifunga kikoi. Kanuni wanazozitumia karibu dunia nzima ni mbili au tatu hivi. Mteremko wa njia kwa wastani usizidi asilimia 10. Usizidi pia nusu ya mteremko wa kilima chenyewe, maana ukizidi hapo maji yataona ni rahisi kuifuata njia kuliko kuivuka. Na ukingo wa nje wa njia uinamishwe kidogo, kiasi cha asilimia 5, ili maji yavuke na kuendelea kwenye majani. Udongo wa juu wenye mboji hukwanguliwa mpaka ufikiwe udongo mgumu, na ule uliokwanguliwa hautupwi ovyo bali hutumika kufunika makovu ya pembeni. Mizizi mikubwa haikatwi, na njia ndiyo inayoukwepa mti. Penye tope panajengwa kidaraja au panawekwa mawe. Kazi hii hufanywa kwa sururu, chepe na reki, na kundi la watu kumi likifanya kazi kutwa nzima huenda likamaliza mita chache tu. Ndiyo maana nasema anayejitolea siku zake za mapumziko kufanya hivi bila ujira asichukuliwe kama mtu aliyekuja kucheza.

Na kurudisha msitu wa asili nako si kupanda tu. Serikali zetu hupenda sana kampeni za miti milioni: waziri anashika koleo, kamera zinapiga, mche unamwagiwa maji, kisha msafara unaondoka. Baada ya miezi sita nenda katazame. Karura walifanya kinyume. Kwanza waliondoa. Mikaratusi na misaipresi hukatwa kwa awamu, eneo baada ya eneo, magugu ya kigeni kama lantana yanang'olewa na kurudi kung'olewa tena, kisha ndipo miche ya asili inapandwa na kupaliliwa kwa miaka kadhaa hadi kivuli chake kiweze kuyashinda magugu chenyewe. Kazi ya kupalilia haina kamera. Lakini ilizaa matunda ya kuonekana: katika miaka ya 2010 mbega walihamishiwa Karura kutoka sehemu nyingine za nchi walikokuwa wakisongwa na mashamba, na wakakaa. Mbega haishi kwa mikaratusi. Anahitaji majani ya miti ya kwao.

Hebu sasa tuje huku tuliko. Rayners Lane ni kitongoji cha kaskazini magharibi mwa London kilichoota miaka ya 1930 kando ya reli ya Metropolitan, pale makampuni ya nyumba yalipowauzia makarani wa mjini ndoto ya kuishi shambani. Shamba lenyewe likaishia chini ya saruji. (Sinema yake ya zamani siku hizi ni maabadi ya Wazoroasta, watu wa dini ya wazee wa Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Sisi Waswahili tuna mkono kila mahali.) Vituo vitatu tu vya treni kutoka hapa unafika Ruislip, na huko kuna msitu wa hekta 305 ambao ulitoa mbao za mialoni kwa ajili ya Mnara wa London katika karne ya 14. Umekuwa hifadhi ya taifa ya maumbile tangu mwaka 1997.

Msitu ule nao uliponea chupuchupu. Nyumba zilikuwa zinaujia mbio, na mwaka 1931 halmashauri ya eneo ikainunua sehemu yake kubwa, Park Wood, kutoka kwa mwenye ardhi, ambaye alikuwa chuo cha King's cha Cambridge. Haukuwa uamuzi wa mfalme wala waziri. Na unatunzwa mpaka leo kwa kazi ambayo wananchi wanaojitolea wana sehemu yake: kila majira ya baridi miti migumu inayoitwa hornbeam hukatwa usawa wa kisiki, eneo moja kwa zamu, ili ichipue upya na mwanga uifikie ardhi, na majira ya kuchipua maua ya samawati yanatapakaa kama zulia. Desturi hii ilikuwa imekufa mwanzoni mwa karne ya 20, ikafufuliwa miaka ya 1980. Mtu wa kwetu akiona miti inakatwa hivyo atadhani ni uharibifu. Ni kinyume chake.

Lakini usiombe kuzungumzia baiskeli mbele ya watu hawa hawa. Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, vijana waliofungiwa majumbani waliingia kwenye misitu mingi ya kusini mwa Uingereza na machepe ya baba zao, wakachimba mashimo na vilima vya kurukia baiskeli. Halmashauri zikaja na mitambo zikasawazisha. Kila upande una hoja. Misitu ya kale, ile iliyokuwapo tangu kabla ya mwaka 1600, imebaki kiasi cha asilimia 2.5 tu ya ardhi ya nchi hii, na udongo wake uliotulia kwa mamia ya miaka ukishachimbwa haurudi kama ulivyokuwa. Kwa upande mwingine, kijana wa miaka 14 aliyeacha simu akashika chepe si wa kufukuzwa kama mwizi. Watoto wetu nao wamo kwenye kundi hilo, tusijifanye hatujui. Wapo waliozaliwa Harrow wasioweza kutamka jina la kijiji cha babu yao lakini wanakijua kila kilima cha kurukia.

Sheria ya hapa nayo ni ya ajabu kidogo. Mwendesha baiskeli England aliruhusiwa na sheria ya mwaka 1968 kutumia njia za farasi, kwa sharti awapishe waenda kwa miguu na wapanda farasi. Njia ya miguu hana haki nayo, hata kama ni pana kama uwanja. Scotland, kwa sheria ya mwaka 2003, mtu ana haki ya kupita karibu kila mahali, kwa miguu au kwa baiskeli, almuradi apite kwa uungwana. Kwa hiyo kusini watu wanaomba ruhusa na kaskazini wanajadiliana juu ya uungwana.

Nimevutiwa na namna baadhi ya sehemu zilivyoumaliza ugomvi huu. Kule vilima vya Surrey, kusini mwa London, eneo la Hurtwood ni mali ya watu binafsi lakini lilifunguliwa kwa umma tangu mwaka 1926, na linatunzwa na taasisi ya hisani. Wenye baiskeli walipozidi, hawakufukuzwa. Walipewa maeneo maalumu, wakafundishwa, wakashika sururu. Njia mojawapo mashuhuri ya Holmbury inaitwa "Barry Knows Best", yaani Barry anajua zaidi kuliko wote, na nadhani kila kijiji cha Pwani kina Barry wake. Scotland, katika bonde la mto Tweed, wachimbaji waliokuwa wakichimba kwa kujiiba usiku waliunda jumuiya, wakatia saini mkataba na mamlaka ya misitu, na sasa wanazikagua njia na kuzitengeneza mchana kweupe. Si mbali na hapo liko bonde la Carrifran. Wananchi wa kawaida walichanga wakalinunua, wakapanda mche wa kwanza tarehe 1 Januari 2000, na sasa miti ya asili iliyopandwa humo imepita nusu milioni mahali palipokuwa pamebaki majani ya kondoo tu.

Tofauti na Karura ni kwamba wa Carrifran wana hati ya ardhi mkononi. Hakuna waziri anayeweza kuamka asubuhi akawabadilishia akaunti ya benki.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu walioishambulia KFS bila kupima. KFS ina hoja moja yenye uzito. Msitu ni mali ya umma, fedha za umma lazima zionekane, na kikundi cha watu waliosoma na wenye magari hakiwezi kuachiwa kushika fedha za lango milele bila mkaguzi wa Serikali. Kama hoja ndiyo hiyo, sawa, mkaguzi aingie. Avitazame vitabu, atangaze alichokikuta. Lakini kukagua fedha na kuzihamisha ni vitu viwili. Fedha ikishaingia Hazina Kuu inakuwa maji yaliyomwagwa mchangani. Uzio ukikatwa Jumanne, ombi la waya linaandikwa, linapitishwa, linarudishwa, na waya unafika mwaka wa fedha unaofuata. Miti haisubiri mwaka wa fedha. Hilo ndilo lililowatisha watu wa Nairobi, na walikuwa na haki ya kutishika, maana waliuona msitu huo huo ukiwa chini ya Serikali peke yake na wanakumbuka ulivyokuwa.

Waganda walipita njia hiyo kwa damu. Aprili 2007, Serikali ilipotaka kutoa hekta 7,100 za msitu wa Mabira kwa kampuni ya sukari, Kampala iliwaka moto na watu wakafa, akiwamo Muhindi asiyekuwa na hatia yoyote. Wale jirani zetu wa Harrow waliofukuzwa na Amin mwaka 1972 walizitazama picha zile na roho zao mkononi. Msitu haukutolewa. Leo kule kwenye maporomoko ya Griffin, vijiji vinavyouzunguka Mabira vinapokea wageni na kuwakodisha baiskeli, na anayefaidi ni mtoto wa kijiji.

Sasa Zanzibar. Wapo watakaosema tunasema ya wenzetu kwa sababu ya kwetu yanatushinda. Basi tuyaseme.

Sisi tulikuwa na utaratibu mzuri kwenye karatasi kabla ya Kenya. Sheria ya Misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, iliruhusu mikataba baina ya Serikali na shehia ili wanakijiji wausimamie msitu wao. Jozani ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na ghuba ya Chwaka, kilomita za mraba 50, na ukawekwa mpango wa kuvigawia vijiji sehemu ya mapato ya watalii wanaokuja kumtazama kima punju. Mwaka 2010 ukaja mradi wa HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili, kwa fedha za Norway, na mikataba ya shehia ikaongezeka Unguja na Pemba. Wanakijiji wakaambiwa: lindeni msitu, dunia itawalipa kwa hewa ya ukaa mtakayoizuia. Wakaacha kukata, wakafanya doria kwa miguu yao bila hata buti. Malipo ya hewa ya ukaa hayakuwafikia kama walivyotarajia. Mradi ulipokwisha, magari ya mradi yaliondoka, na wanakijiji wakabaki na msitu na njaa yao.

Lakini tusikate tamaa mapema. Kidike, Pemba, wananchi waliamua wenyewe kuwalinda popo wakubwa wa Pemba, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamekaribia kumalizika kwa kuliwa. Leo wako kwa maelfu na mgeni analipa kuja kuwatazama. Hakuna aliyewatuma watu wa Kidike. Walikuwa na miti, walikuwa na popo, wakawa na akili.

Tatizo letu kubwa Visiwani ni la kisiasa, na nitalisema bila kuuma maneno. Kwetu watu kumi wakikutana kuchimba njia msituni, swali la kwanza la sheha halitakuwa njia hiyo itapita wapi. Atauliza: nyinyi ni wa chama gani? Mmeandikishwa? Nani kiongozi wenu na nani anawapa fedha? Jumuiya yoyote hutakiwa kuandikishwa kisheria, na hilo si baya, lakini uandikishaji umekuwa kamba ya kuwafungia watu badala ya daftari la kuwatambua. Vijana wa Pemba wana nguvu, wana baiskeli, wana msitu wa Ngezi ambao watalii wa dunia nzima wangeupenda. Wanachokosa ni mtu mwenye mhuri wa kuwaambia: hili eneo ni lenu kulitunza kwa miaka kumi, na fedha ya lango nusu yake ibaki hapa hapa. Mtu aliyekimbia kwao kwa sababu ya kalamu anaijua hofu hiyo ya mkusanyiko wa watu kumi. Sihitaji kuieleza zaidi.

Tanzania Bara hali haina tofauti kubwa. Msitu wa Pugu, pua na mdomo na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, umeliwa na mkaa kwa miongo kadhaa huku ukiwa msitu wa hifadhi kisheria. Wapanda baiskeli wa mjini huenda huko siku za mapumziko. Wao ni macho yale yale ninayoyasema ya Karura, ila hawana mkataba unaowapa sauti.

Jumuiya zetu za hapa London, na nazijua nyingi, hupenda kuchangia visima, madrasa na vitanda vya hospitali, na Mungu awalipe. Siku hizi nimeanza kusikia vijana wakizungumzia kuchangia upandaji wa mikoko na miti ya asili nyumbani, na wawili watatu wenye wazimu wa baiskeli wanasema wangependa kwenda likizo na sururu. Kabla ya kutuma hata pauni moja, wauombe mkataba wausome. Waangalie ni wa miaka mingapi, na kama unaweza kuvunjwa kwa barua ya siku moja. Waangalie fedha za lango zinaingia akaunti ya nani, na nani mwenye saini. Waangalie akianguka mtu na baiskeli akavunjika mguu, nani atawajibika. Hapa Uingereza jambo hilo la mwisho lina sheria zake, ya mwaka 1957 na ya 1984, na ndilo linalowafanya wenye ardhi wawe wazito kutoa ruhusa. Na waulize kama wanawake wanaootesha miche wamo kwenye kamati au wamo kwenye picha tu.

Karura walikuwa na majibu ya karibu maswali yote hayo, na bado tangazo moja la Agosti liliwapeleka mahakamani.